MWIZI WETU NA MWIZI WAO



Katika toleo lililopita tuliandika mistari kumi na miwili tu juu ya Mbunge mmoja aliyekuja katika mkutano wa tawi letu, akaweka bahasha ya pesa juu ya meza, akangoja makofi, na akakataa kuandikiwa risiti. Hatukumtaja jina wala chama chake cha siasa. Hata hivyo watu walimjua, na tangu siku hiyo ofisi yetu haina amani. Wanachama watatu wamekuja kutugombeza. Mmoja wao amesema atakwenda kwa karani wa mishahara akatishe ada yake ya chama. Na wale wasiompenda Mbunge huyo walikuja pia, wakicheka, wakatushika mikono na kutuambia kwamba sasa tumeamka.

Hao wa pili ndio waliotusikitisha zaidi. Maana mwaka uliopita tulipoandika habari kama hiyo juu ya mtu wa upande wao, ni wao hao waliojaa mlangoni kutuita vibaraka.

Katika kelele zote hizo tulisikia neno moja likirudiwa na watu wa pande zote mbili, kama kwamba wamefundishwa shule moja: "Hata kama ni mwizi, ni mwizi wetu." Twataka kulijibu neno hili leo, na twataka kulijibu kwa urefu, kwa sababu uchaguzi unakuja na neno hili litatuuza tena.

Kwanza twauliza, wewe unayesema "mwizi wetu", fungu lako ulilipokea wapi? Tuonyeshe. Je, kodi ya nyumba yako Mukuru ilipungua siku aliyojenga jumba lake? Je, mwanao aliondolewa ada ya shule? Mwizi huiba peke yake, na hula na wenzake wachache, halafu anapokamatwa ndipo anapokumbuka kwamba ana kabila, ana chama, ana watu. Siku ya kula hatuitwi. Siku ya kushtakiwa ndiyo tunaitwa tukapige kelele mbele ya korti, na nauli ya matatu tunajilipia wenyewe au tunapewa shilingi mia mbili.

Sisi katika chama cha wafanyi kazi twajua vizuri jinsi ya kumpima mtu mwenye pesa za watu mkononi. Twafanya hivyo kila mwezi. Mweka hazina huleta daftari lake, vocha zake na karatasi ya benki, na kamati hukaa kitako ikalinganisha. Hakuna anayemwuliza alimpigia nani kura. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mweka hazina mcheshi sana, mtu wa kusaidia watu misiba, na wengi wetu tulikuwa wa upande wake katika siasa. Hesabu ilipopungua tulimtoa. Hakuna aliyesimama kusema kwamba upungufu huo ni upungufu wetu. Kwa nini basi akili hii twaiacha mlangoni tunapotoka ofisini na kwenda kwenye mkutano wa siasa?

Wengine watasema hayo ni mambo ya tawi dogo, siasa ni kubwa. Basi tuangalie siasa yenyewe, na tuanzie mahali pagumu, kwa watu wetu wenyewe.

Bw. Bildad Kaggia alikuwa mtu wetu. Alikuwa kiongozi wa makarani kabla ya Hali ya Hatari, na chama kikuu cha wafanyi kazi kilipovunjwa viongozi wake mwaka 1950 yeye alikuwa miongoni mwa waliobaki kukishika. Alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Mzee Kenyatta, akafungwa jangwani kaskazini. Uhuru ulipokuja akawa Mbunge wa Kandara na msaidizi wa Waziri. Mwaka 1964 alipoteza cheo hicho kwa sababu hakukubali kunyamaza juu ya watu wasiokuwa na ardhi waliokuwa wakifukuzwa. Na mwaka 1965 Mzee mwenyewe, katika mkutano wa hadhara huko huko kwao, alimwuliza mbele ya watu amejifanyia nini. Akamtajia wenzake waliofungwa naye: mmoja ana nyumba kubwa na shamba, mwingine ana kahawa, mwingine ana mabasi. Kaggia yeye ana nini?

Ndugu, lisomeni swali hilo tena polepole. Mtu mkubwa kuliko wote katika nchi anamwaibisha mtu mwingine kwa kosa la kutojitajirisha. Na inasemekana watu walicheka. Twaona kwamba siku ile kipimo kiligeuzwa juu chini. Tangu hapo mwanasiasa asiye na kitu ameitwa mjinga, na aliyenyakua ameitwa mchapa kazi. Mwaka 1966 Kaggia alitoka KANU akaingia KPU, mwaka 1968 akafungwa na serikali ya Uhuru kwa sababu ya mkutano usio na ruhusa, mwaka 1969 akarudi KANU. Alifariki mwaka 2005, na maisha yake hayakuwa ya kitajiri. Twaweza kubishana juu ya kila hatua yake katika siasa. Wengine kati yetu twaona kosa lilikuwa kutoka KANU, wengine twaona kosa lilikuwa kurudi. Lakini juu ya mikono yake hatuna la kubishana, aliyekuwa KANU na aliyekuwa KPU.

Sasa mtazameni mwenzake wa Kapenguria, Bw. Paul Ngei. Huyu naye alifungwa, naye aliteswa, na heshima ya mateso hayo hatumnyang'anyi. Lakini mwaka 1965 mahindi yalipungua nchini, watu wakapanga foleni kwa unga, na yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa mambo ya ushirika na uuzaji wa mazao. Tume ikaundwa chini ya Bw. Chanan Singh. Ikaonekana kwamba duka la jamaa yake wa nyumbani lilikuwa likipata mahindi nje ya njia ya halali, njia ambayo yeye Waziri ndiye aliyepaswa kuilinda. Alisimamishwa mwaka 1966, kisha akarudishwa katika Baraza la Mawaziri. Mwaka 1975 korti ikamtia hatiani kwa kosa la uchaguzi, na sheria ikasema asisimame tena kwa miaka mitano. Wabunge walifanya nini? Walibadilisha Katiba ya nchi kwa haraka, mwezi wa Desemba mwaka ule ule, ili Rais aweze kumwondolea adhabu. Katiba! Sisi tukitaka kubadilisha saa ya chakula katika mkataba wa kazi twangoja miezi sita.

Twasema hivi kwa sababu wako wazee wanaodai kwamba aliyefungwa na Mkoloni hawezi kuhukumiwa na sisi vijana. Na siku hizi wako wanaodai hivyo hivyo kwa waliozuiliwa wakati wa chama kimoja, waliopigwa rungu katika Saba Saba mwaka 1990. Twawaheshimu. Lakini mateso ya jana ni risiti ya deni la jana. Hayalipii mahindi ya kesho.

Tumesema vya kutosha juu ya watu wa KANU. Na KADU je? Katika miaka ile ya 1960 sisi wafanyi kazi wengi wa mijini tuliwaita KADU vibaraka wa masetla, na katika sera ya majimbo tulikuwa na sababu ya kuwapinga. Mtu wa pili katika KADU alikuwa Bw. Masinde Muliro. Chama chake kilivunjwa mwaka 1964, akaingia KANU, akawa Waziri. Mwezi wa Machi 1975 Bw. J. M. Kariuki, Mbunge wa KANU, aliyekuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, na aliyewahi kuwa karani wa siri wa Mzee Kenyatta, aliuawa na mwili wake ukatupwa Ngong. Kamati ya Bunge ikachunguza. Mwezi wa Juni taarifa yake ikaletwa ipigiwe kura, na kila Waziri alijua anatakiwa kupiga kura upande gani.

Nani alisimama? Muliro, yule kibaraka wa masetla, alipiga kura taarifa ikubaliwe, akapoteza uwaziri siku ile ile. Pamoja naye walifukuzwa wasaidizi wawili wa Mawaziri, Bw. John Keen, na Bw. Peter Kibisu ambaye alitoka katika vyama vyetu vya wafanyi kazi. Na wangapi kati ya wale mashujaa wa Uhuru, wale tuliowaimbia nyimbo kwenye viwanja, walikaa upande wa pili au wakajificha nje ya mlango? Wahesabuni wenyewe katika kumbukumbu za Bunge. Zimechapishwa, na hazikufichwa.

Hapa yuko mtu atakayetuambia kwamba J. M. mwenyewe alikuwa tajiri, ana mashamba na farasi wa mashindano, basi mbona tunamlilia. Ni kweli alikuwa na mali. Hatusemi kwamba mali ni wizi, wala kwamba umaskini ni uaminifu. Tumewajua maskini waliouza wenzao kwa chupa mbili za bia. Twauliza mali ilitoka wapi, na mwenye mali alisema nini juu yetu alipokuwa na nafasi ya kunyamaza. Juu ya swali la kwanza J. M. apimwe kama mwingine yeyote. Juu ya la pili, alisema, na akauawa.

Sasa tuje kwa aibu yetu wenyewe, ambayo vijana wengi hawaijui. Katika miaka ya 1960 wafanyi kazi wa Kenya tuligawanyika kambi mbili. Kambi moja ilisaidiwa kwa pesa za Marekani na Ulaya, kambi nyingine kwa pesa za nchi za mashariki. Kila kambi ilijua hesabu ya dola au rubo za kambi nyingine mpaka senti ya mwisho, lakini ya kwake haikuiuliza kamwe. Kiongozi wa upande wetu alipojenga, tulisema ana bidii. Wa upande wao alipojenga, tulisema amenunuliwa. Mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka 1965 damu ikamwagika Mombasa, mfanyi kazi akampiga mfanyi kazi, na Serikali ikapata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Mashirikisho yote mawili yakafutwa, COTU ikaundwa, na Rais wa nchi akapewa uwezo wa kuchagua Katibu Mkuu kutoka majina aliyopelekewa. Tulikataa kuwapima viongozi wetu sisi wenyewe, basi akatokea mwingine wa kutupimia. Waajiri walifurahi sana mwaka ule.

Na msidhani mambo hayo yalikwisha pamoja na wazee. Goldenberg ilitokea wakati wa KANU, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pesa za hazina zililipwa kama tuzo ya kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo almasi haina. Pesa hizo pamoja na zile zilizomwagwa kwa uchaguzi wa 1992 zilitufikia sisi madukani: mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, na mshahara ukabaki umekaa kama jiwe. Mwaka 2002 tuliimba kwamba hatuwezi kushindwa, tukaiondoa KANU, tukaiweka NARC. Wengi wetu tulilia kwa furaha pale Uhuru Park. Tume ya Goldenberg ikaundwa mwaka 2003, wakubwa wakatoa ushahidi siku nyingi, na hakuna mkubwa aliyefungwa. Kisha mwaka 2004 ikafichuka Anglo Leasing: mikataba ya usalama na makampuni ambayo hayakuwa na ofisi wala wafanyi kazi. Baadhi yake ilitiwa sahihi wakati wa KANU, na baadhi wakati wa NARC. Chama kilitoka, jalada likabaki mezani, na mkono mpya ukaendelea pale mkono wa zamani ulipoachia. Bw. John Githongo, aliyewekwa na Serikali hiyo hiyo alinde maadili, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa nje ya nchi. Na sisi tulisema nini? Wengi tulisema anaiharibia Serikali yetu.

Katika jambo moja tu wanasiasa wetu hawana vyama. Mwaka 2013 Tume ya Mishahara ilipotaka kupunguza mshahara wa Wabunge kutoka shilingi 851,000 mpaka 532,500 kwa mwezi, hapakuwa na upande wa Serikali wala upinzani. Walisimama kama chama kimoja cha wafanyi kazi, tena chenye umoja kuliko chetu. Watu wakapeleka nguruwe mpaka lango la Bunge. Wabunge wakakubali zile 532,500, na juu yake wakapata shilingi milioni 5 kila mmoja za gari. Ikiwa wao kwa tumbo lao wanavuka mipaka ya vyama bila shida, sisi kwa tumbo letu tunashindwa nini?

Twaambiwa kwamba sheria iko, tusijisumbue. Ndiyo, iko. Katiba ya 2010 ina Sura ya Sita juu ya uongozi na maadili, na imeandikwa vizuri. Lakini someni pia Kifungu cha 99: mtu aliyehukumiwa hazuiwi kusimama mpaka rufani zake zote zimekwisha. Rufani katika nchi hii huzeeka kuliko mshtakiwa. Halafu chukueni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44. Mfanyi kazi anayeshukiwa tu, kwa sababu za kutosha, kwamba ameiba mali ya mwajiri, aweza kufutwa kazi papo hapo bila notisi. Mlinzi wa godauni akishukiwa kwa mifuko miwili ya sukari huenda nyumbani leo. Mtunga sheria aliyehukumiwa kwa mamilioni huenda kwenye mkutano wa kampeni na king'ora mbele. Nao hutangaza mali zao kwa mujibu wa sheria, lakini karatasi hizo huwekwa ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya kabati, na sisi tusizione.

Basi kazi ya kupima imebaki kwetu, na hatuna budi kuifanya kwa haki. Hili twalisema kwa nguvu kwa sababu wapo wanachama wanaotuletea vikaratasi vya uvumi, fulani ana hoteli Dubai, fulani ana mke wa siri. Hatutachapa hayo. Kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni wizi pia, umemwibia jina. Na tumeona mara nyingi kesi za ufisadi zikifufuka mtu akihamia upinzani, zikafa akirudi Serikalini. Kwa hiyo hata karatasi ya mashtaka peke yake haitutoshi. Tutaangalia taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hukumu ya korti, na kura aliyopiga Bungeni. Kura ndiyo bora. Tarehe 25 Juni 2024, juu ya Mswada wa Fedha, Wabunge 195 walikubali na 106 walikataa, na siku ile ile vijana wakafa barabarani. Majina ya wale 195 na wale 106 yapo. Mtu aweza kukupigia hotuba kijijini kwenu juu ya mkate wa mtoto, ukafungua orodha ukaona mkono wake ulikuwa wapi.

Ndugu mmoja wa kamati alituuliza swali zuri tulipokuwa tukiandika haya. Je, tukimpata mtu safi kabisa, lakini anapinga mishahara yetu, tumpigie kura kwa usafi wake? Hapana. Kura yako mpe anayetetea kazi yako. Lakini usimwite mwizi kwa sababu anakupinga, na usimwite safi yule mwingine kwa sababu anakuunga mkono. Sisi tunaokaa mezani na waajiri twajua tofauti hii. Hati ya Uhusiano Viwandani ya mwaka 1962 ilitiwa sahihi na Serikali, waajiri na shirikisho letu, watu ambao hawakupendana hata kidogo. Yako makampuni ambayo mjumbe wao ni mkali kama pilipili, akisema hapana ni hapana, lakini akitia sahihi mshahara hulipwa tarehe ile ile. Na wako wale wa kutuita ndugu na kutununulia soda, ambao mkataba wao haukauki wino kabla haujavunjwa. Nani kati yao ni afadhali kubishana naye?

Sasa habari za kazi. Kamati ya tawi imekaa na kukata maneno. Zile pesa za bahasha zilihesabiwa mbele ya watu watano, zikarudishwa kwa mwenyewe kwa mkono wa mwenyekiti, na karani wake ametia sahihi kwamba amezipokea. Karatasi hiyo imebandikwa ubaoni. Kuanzia sasa mwanasiasa wa chama chochote atakayetaka kusema katika mkutano wetu atakaribishwa, ila bahasha aiache garini. Kila toleo litakuwa na kura walizopiga Wabunge wa maeneo tunamokaa katika mambo ya kodi, kazi na bei ya vitu, bila maneno yetu juu yake. Na Mbunge tuliyemwandika ana nafasi ya kujibu katika ukurasa huu huu, mistari kumi na miwili kama ile yetu; tumempelekea barua, hatujapata jibu.

Kwa yule mwanachama anayetaka kukatisha ada yake: fomu iko kwa katibu, hatutamzuia. Lakini madai yake ya saa za ziada za mwezi wa Februari bado yako mbele ya meneja, na tumepewa Jumanne saa nne asubuhi. Tutakwenda. Alete karatasi zake za mshahara ofisini kabla ya Jumatatu jioni.